Taji la kibao cha kuchonga ni paa kabla ya kuwa pambo

Kijana mmoja seremala wa Tanga ameniletea picha ya kibao cha kuchonga alichotengenezea duka la nguo, akiuliza kwa nini taji lake, yaani ile moldingi (utepe wa mbao uliochongwa umbo) ya juu, limeachana kwenye pembe mara tu masika yalipopita. Picha ilinitosha: mgongo wa taji, yaani uso wake wa juu, ulikuwa bapa kabisa, maji yakatuama na kupenya kwenye maungio.

Swali hilo limenitonesha kidonda. Mwenye hoteli mmoja hapa Mji Mkongwe aliwahi kuninyang'anya kazi akidai kwamba nalipisha urembo kwa bei ya maandishi, akampa fundi aliyepigilia moldingi ya MDF, yaani ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kwa misumari ya kawaida. Vuli ilipokwisha, moldingi ile ilikuwa imevimba kama mkate uliotoswa kwenye chai, na kutu ilikuwa imechirizika juu ya herufi za rangi ya dhahabu. Aliporudi nilimtajia bei ileile, wala sikumpunguzia hata shilingi.

Mimi huanza na mbao ya mvule au mninga iliyokauka barabara, nikaukata mgongo wake uteremke kuelekea mbele kwa nyuzi 15 hivi kabla sijagusa urembo wowote. Upande wa chini, karibu na ukingo wa mbele, napitisha mfereji mwembamba wenye kina cha milimita 5 hivi, ili maji yafikapo hapo yadondoke badala ya kutambaa hadi kwenye maandishi. Ndipo nageukia umbo. Bonde pana nalitoa kwa msumeno wa meza, nikiisukuma mbao kimshazari juu ya meno na kuyapandisha kidogo kidogo, kwa maana anayetaka kina chote kwa mkupuo mmoja anahatarisha vidole vyake. Ngazi ndogo nazitoa kwa ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kingo na mifereji. Asiye na ruta asijidharau, kwani milango ya zamani ya Lamu na Unguja ilichongwa kwa patasi na nyundo.

Mahali panapomtambulisha fundi ni kwenye ncha. Taji lililokatwa wima na kuachwa hivyo huonyesha vinyweleo vya mbao, navyo hunywa maji. Kata ncha kwa nyuzi 45, kisha tengeneza kipande kifupi cha kurudi ukutani kutoka mbao ileile, ili mistari yake ionekane ikizunguka kona. Paka gundi ya epoksi nyepesi kwanza, iache inywewe, kisha paka tena ndipo uunganishe.

Kibao cha mbao zilizosimama wima hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua, lakini taji lililolala juu yake halibadiliki kwa urefu. Kwa hiyo skrubu ya katikati ndiyo ikazwe, na za pembeni zipite kwenye matundu marefu. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa karibu na bahari. Enyi vijana, mnakesha mkipamba herufi huku mkiyadharau maji, halafu mnamlaumu muuza mbao!

Huyu wa Tanga asizibe ufa kwa pati. Alishushe taji, alikaushe kivulini, aurande mgongo upate mteremko, na maungio ayakate upya. Kwenye ankara ijayo, bei ya taji aiandike katika mstari wake pekee.