Kabla hujaongeza taa kwenye gari, jua moto wa umeme unapita wapi

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nimefunga spotilaiti mbili kwenye bampa, zinawaka balaa, ila nikikaa na full kwa muda kuna harufu ya plastiki inatokea kwenye usukani. Fundi kasema ni kawaida, itaisha yenyewe. Unasemaje?"

Jamani, kwenye umeme wa gari hakuna harufu ya kawaida. Nimemjibu pale pale achomoe fyuzi ya taa za mbele na asisafiri usiku mpaka swichi ya taa iliyo kwenye usukani ifunguliwe ikaguliwe. Ila ujumbe wake umenikumbusha mbali, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna shamba mahali au mnapanga kuwa nalo, na mna ile ndoto ya pickup yenye taa za maana ya kuondokea Dar usiku mkaamkia Njombe, acha nilimwage lote.

Mimi nina Hilux double cabin ya miaka ya 90, taa zake zile za balbu ya H4, yaani balbu moja yenye dim na full humo humo. Gari zima kabisa, injini haina neno, ila taa za mbele zilikuwa za njano, unawasha full unaona kama umewasha kibatari. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Dar, simtaji, anasifika sana na foleni kwake haiishi. Nikamwambia nataka spotilaiti mbili za wati 55, na nikamuuliza kabisa, na relei je (kile kiswichi kinachoamshwa na umeme kidogo ili kibebe mzigo mkubwa badala ya swichi ya gari)? Akacheka, akasema hizo ni mbwembwe, yeye kafunga taa kabla sijajua gari ni nini. Akakata waya wa full, akasokota mbili za spotilaiti humo humo, solotepu, imeisha hiyo.

Usiku ule ziliwaka mpaka raha. Siwachoshi na Chalinze wala Morogoro. Tumeingia kwenye hifadhi ya Mikumi, pale barabara inapokatiza katikati ya wanyama, full ikafa, sekunde chache dim nayo ikafa, giza totoro, na ndani ya kebini moshi mwembamba unatoka chini ya usukani. Mke wangu na mdogo wangu wamo ndani. Mbele kulikuwa na lori, nikawasha hazadi nikajishikiza kwenye taa zake za nyuma, kilomita 40 kwa saa, huku nikiomba asikate kona ghafla na tembo asiamue kuvuka, mpaka tukatokea Mikumi mjini.

Niliporudi kwa yule fundi unajua alisemaje? Mbele ya wateja wake: "Gari lako bovu, waya zimechoka, halafu wewe msomi wa YouTube unajua kila kitu." Watu wakacheka. Kiukweli ile kauli bado inaniuma mpaka leo kuliko hata hela aliyokula.

Basi nikafungua mwenyewe. Kava la usukani linatoka kwa skrubu chache tu, chini yake ndiyo iko kombinesheni swichi, ile ya kuwashia taa na kubadili dim na full. Soketi yake ilikuwa ya kahawia, plastiki imeyeyuka ikamwagika kama mshumaa, pini moja imezama ndani na ile ya jirani imeegemea. Pale sikuhitaji mtu kunieleza. Piga hesabu na wewe: balbu ya H4 kwenye full ni wati 60, ziko mbili, 120. Ongeza spotilaiti mbili za 55, unapata 230. Gawa kwa volti 12, ni kama ampia 19, na zote zinapita kwenye vichuma vidogo vya swichi iliyotengenezwa kwa nusu ya mzigo huo. Lazima iungue!

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Toyota nyingi za enzi zile, taa za mbele hazikatwi upande wa chanya. Chanya inafika kwenye balbu kupitia waya mmoja wa pamoja, na swichi inachofanya ni kukupa hasi, ama ya dim ama ya full. Ukija na akili ya magari ya Ulaya ukadhani waya wa full una chanya, utaunga hovyo, taa zitawaka hafifu au zitawaka usipotaka, na utaanza kukata nyaya ambazo hazina kosa. Kwa hiyo kabla ya kisu chukua mita, pima soketi ya balbu, ile yenye pini tatu, ukiwa umewasha taa, jua ipi ni ipi. Dakika tano tu.

Ukishajua, kazi yenyewe ni nyepesi. Relei ina namba zimeandikwa chini yake. Namba 30 inapokea moto kutoka betri moja kwa moja, waya mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichunika ukagusa bodi kabla ya fyuzi ndiyo gari linaungua hivyo. Kwa spotilaiti mbili za 55 fyuzi ya 15 inatosha. Namba 87 inaenda kwenye taa. Namba 86 na 85 ndizo za kuiamsha relei: kwa Hilux yangu moja nimeipa ile chanya ya pamoja, nyingine hasi ya full, katikati nikaweka kaswichi kadogo kwenye dashibodi ili nizizime nikitaka. Kaswichi hako hakabebi hata robo ya ampia. Mzigo wote uko kwenye relei, ya 30A, bei yake haifiki hata ya tairi kuukuu, kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar zimejaa.

Waya chukua wa milimita 2.5, ule wa nyuzi nyingi nyingi. Usikubali kuuziwa waya wa spika, na ule wa nyumba wa uzi mmoja mgumu nao hapana, mtikisiko wa barabara unaukata. Hasi ya taa usiifunge juu ya rangi, kwangua mpaka uone chuma. Maungio lehemu au bana kwa koleo lake, solotepu tupu kwenye joto la injini inaachia gundi yote. Narudia: relei, fyuzi karibu na betri, waya mnene.

Halafu nikafanya hivyo hivyo kwa taa zenyewe za mbele, relei moja ya dim na moja ya full. Kabla, betri ilikuwa inasoma 13.8 injini ikiunguruma lakini kwenye soketi ya taa inafika 11 na kidogo. Balbu za aina hii ukipoteza volti asilimia 10 tu, mwanga unashuka karibu theluthi. Baada ya relei volti zinafika 13 na ushee, balbu zile zile, na ile njano imeondoka. Nawaambieni nilisimama mbele ya gari nikaliangalia kwa muda mrefu, nimeifanya kwa mikono yangu mimi msomi wa YouTube.

Ndugu zangu, mwanga ukishaupata usiutumie kuumiza wenzako. Mlima Kitonga usiku ukikutana na mtu kaweka LED za bei chee kwenye kioo cha balbu ya H4, mwanga unatawanyika kila upande, dereva wa lori anayepanda haoni ukingo, na upande wa pili ni korongo. Huo ni uuaji. Spotilaiti zifungwe ziwake na full peke yake, ukishusha dim zizime zenyewe.

Na ukimaliza kufunga, simamisha gari tambarare mita kama 8 kutoka ukutani, washa dim. Mstari wa mwanga uwe chini kidogo ya kimo cha balbu, na kushoto ndiko mstari uinuke kidogo, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na gari za Japani zimetengenezwa hivyo. Ukiona mstari unainuka kulia, hizo taa zilitoka kwenye gari la nchi za kuendesha kulia, zirudishe dukani.