Jibu: Ukwaju kupoteza utamu baada ya kuchemshwa

Habari za jioni, ndugu. Umeuliza kwa nini juisi ya ukwaju unayomwandalia mama mwenye kisukari huwa tamu unapoionja mwanzoni, kisha utamu hupotea inapochemka kwa muda mrefu. Kwanza geuza kopo la kitia utamu unachotumia badala ya sukari, usome viambato. Mimi hapa Tabata niliharibu sufuria mbili kabla ya kufanya hivyo. Ukikuta aspatemu, mojawapo ya vitia utamu hivyo, chanzo ni hicho. Molekuli yake ni asidi amino mbili (vijenzi vya protini) zilizoungana, na upande mmoja una kikundi kidogo cha methili (kaboni moja na haidrojeni tatu) ambacho moto hukibandua taratibu. Kikishatoka, kinachobaki hakina utamu wowote. Kwa hiyo epua, acha ukwaju upoe kabisa, ndipo utie.

Sukralosi, kitia utamu kingine, huvumilia moto vizuri zaidi. Hiyo ni sukari ya kawaida ambayo vikundi vyake vitatu vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) vimeondolewa na atomi 3 za klorini zikawekwa mahali pake, nayo ikiwa safi ni tamu takriban mara 600 kuliko sukari, basi ncha ya kijiko ni nyingi mno. Sakarini nayo huvumilia, ila huamsha pia vipokezi vya uchungu ulimini, na ladha ile ya bati, kusema kweli, ilinishinda.