Anza na mweka hazina wa grupu

Mdogo wangu, umeuliza utawapata wapi watumiaji wa kwanza wa programu yako ya michango hapa Lamu, na hojaji ya maswali 30 umeshaiandaa. Iweke kando kwanza. Ukimuuliza mtu "utaitumia?" atakujibu inshallah, na hapo hujajua kitu. Muulize alichokwisha fanya: mara ya mwisho alichanga lini, nani alimwomba, alituma kwa M-Pesa au alitoa mkononi, na alijuaje kama pesa zimefika? Hilo la mwisho usiliharakishe. Watu huku humchangia mtu wanayemjua, au anayejulikana na wanayemwamini: mgonjwa anayepelekwa Mombasa, mazishi, madrasa ya mtaani. Kwa hiyo watafute waweka hazina wa magrupu ya WhatsApp, wale wanaonakili majina na kiasi usiku kucha. Kaa na mmoja mchango ukiendelea, utazame tu (usimsaidie!). Watano wanatosha kuanzia. Na wachangiaji wasiotaka jina litajwe, hasa Ramadhani, uwasikilize peke yao. Orodha ya majina ya waliochanga, ikiwekwa hadharani kwenye grupu, inayowavuta wengine ndiyo inayowakimbiza hao.