Mtoto wako ndiye Kabalega: kabla hujaenda kumtazama shuleni

Mwalimu akituma barua kwamba mtoto wa darasa la tano atasimama mbele ya wazazi mwezi Oktoba, kwenye sherehe ya Uhuru, amevaa kama mtu wa historia ya Uganda, mfano Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, wengi hukimbilia nguo. Anza na mwaka. Mwaka ukijulikana, nguo haisumbui.

Kosa linalorudi kila mara ni gomesi, vazi refu la wanawake wa Uganda. Msichana wa ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa I, mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipofika huko, huvishwa gomesi ya mama, na gomesi ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mkono wa fundi Mgoa. Huyo avae kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Mvulana anaweza kuvaa kanzu. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshaifikisha. Kosa jingine ni "Rais Obote" tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru. Siku ile alikuwa waziri mkuu. Kabaka Mutesa II ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, mwaka 1963.

Kitambaa cha gome cha mita moja na nusu kwa mita moja kinamtosha mtoto. Usikifue, wala usikikunje, maana penye mkunjo ndipo kinapopasuka. Kizungushe kwenye fimbo na ukitie ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), Oktoba ina mvua. Fundo likae begani na pini mbili za usalama kwa ndani, kwani akiinua mkono kuhutubia, pini moja huachia. Mtoto avalie huko huko shuleni, si juu ya boda boda. Na umuulize jajja (bibi au babu) kwanza: Buganda kitambaa hiki ndicho cha kuzikia, na wapo wasiotaka kukiona mwilini mwa mtoto.

Ndevu ni wanja. Za pamba huingia mdomoni na kumeza sauti.

Kama pesa ni haba, mwanariadha John Akii-Bua ndiye rahisi kuliko wote: fulana, kaptula na medali ya kadibodi. Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, njia ya kwanza, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Watoto hawasahau namba kama hizo.

Hotuba ya dakika moja ni maneno 90 hivi. Afanye mazoezi akiwa na vazi lote, nawe usimame hatua 15 mbali naye. Usipomsikia uani, hutamsikia shuleni. Mvua ikigonga mabati, anyamaze hadi ipungue. Mfundishe hilo mapema, la sivyo atapiga kelele na kukauka koo.

Fika nusu saa mapema, ukae nyuma ya bega la mwalimu, kwa sababu huko ndiko mtoto atakakotazama. Piga picha kabla hajaanza, kisha weka simu. Usimnong'oneze maneno: akiona mdomo wako unacheza, anapoteza mstari.

Akimaliza, muulize swali analolijua. Kwa Kabalega: "Walikukamatia wapi, na ulikuwa na nani?" Atajibu Lango, kaskazini mwa Uganda, 1899, pamoja na Mwanga, aliyekuwa Kabaka wa Buganda.