Kutiwa damu au kuongezewa damu? Jibu kwa muuguzi wa Lubumbashi

SWALI: Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Lubumbashi. Tunaandaa utafiti wa kulinganisha viwango viwili vya damu kwa watoto wenye anemia kali (upungufu mkubwa wa damu): mililita 20 na mililita 30 kwa kila kilo ya uzito. Karatasi ambayo mzazi husaini kukubali mtoto aingie katika utafiti iko kwa Kifaransa, nami nimepewa kazi ya kuiweka katika Kiswahili. Mwenzangu aliyesomea Tanzania anasema neno sanifu ni "kuongezewa damu". Wazazi hapa wanasema "kutiwa damu". Pengine nimekuta "uhamishaji damu". Tuandike lipi? Na damu nzima, plazima na plakete tuziiteje ili mzazi aelewe?

JIBU: Andikeni "kutiwa damu".

Mwenzako hajakosea. "Kuongezewa damu" ni Kiswahili safi, na hospitali za Tanzania na Kenya hukitumia kila siku bila shida. Shida inaletwa na utafiti wenu wenyewe. Mnalinganisha kiasi kidogo na kiasi kikubwa, na kitenzi "kuongeza" kina maana ya kutia na pia maana ya kuzidisha. Chukua sentensi hii: "Watoto watakaoongezewa damu watapimwa tena baada ya muda wa saa 8." Mzazi mmoja ataelewa ni watoto wote. Mwingine ataelewa ni wale waliozidishiwa, yaani wa mililita 30. Wote wawili wamesoma sawasawa. Wodini utata huo haumdhuru mtu kwa sababu pale hakuna viwango viwili vinavyoshindanishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza neno lipi ni sanifu, tafuta mahali ambapo watoto wa utafiti wanatofautiana. Neno lolote linaloweza kusomeka pande zote mbili za tofauti hiyo liondoe, hata kama kamusi inalibariki. Kwingineko kote unaweza kulegeza kamba.

Basi andika: "Mtoto atatiwa damu. Watoto wengine watatiwa mililita 20 kwa kila kilo, wengine mililita 30." Halafu "kuongezewa" ulitunzie kazi yake halali: "Ikiwa baada ya muda wa saa 8 kipimo bado kiko chini, mtoto ataongezewa damu." Hapo hakuna atakayebabaika. "Kuwekewa damu" nalo linafaa, hasa kama karatasi itasomwa pia na watu wa pwani, ambako "kutia" lina maana yake ya vijiweni. "Uhamishaji damu" liache. Hospitalini kuhamisha ni kumpeleka mgonjwa hospitali nyingine, na mama akisoma kwamba mtoto "atahamishiwa" kitu fulani ataanza kutafuta teksi. Watanzania wenyewe wameipa huduma yao ya damu jina la Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wakalikwepa neno hilo kabisa.

Hukuuliza kuhusu neno "kundi", nami naliona ndilo la hatari kuliko yote. Tafiti nyingi huyaita makundi yake A na B. Katika utafiti wa damu, "Mtoto wako yuko kundi B" ni sentensi inayoweza kuua. Mama ataipeleka kwa muuguzi wa zamu kama habari ya damu ya mwanawe. Na muuguzi mgeni akiikuta imeandikwa kwenye faili anaweza kuisoma vivyo hivyo. Damu ya kundi lisilopatana hupasua chembe nyekundu ndani ya mishipa, na mililita chache tu zinatosha kuanzisha balaa. Ndiyo maana muuguzi hukaa na mgonjwa dakika 15 za kwanza. Msitumie A, B wala O mahali popote pasipohusu kundi la damu. Yaite makundi ya utafiti kwa kiasi chake, "wa 20" na "wa 30", au kwa rangi, na neno "kundi" libaki la damu peke yake.

Neno jingine la kuchungwa ni "mara moja", ambalo ni papo hapo na pia ni safari moja tu. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza watoto 1,565 waliokuwa na hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu, kinachopimwa kujua anemia) kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita, bila dalili za hatari, waligawanywa: wengine walitiwa damu papo hapo, wengine walisubiri na kutiwa pale tu hali ilipozorota au hemoglobini iliposhuka chini ya 4. Karibu nusu ya waliosubiri hatimaye walitiwa damu. Jaribu sasa kuandika kwamba wa kwanza "walitiwa damu mara moja". Msomaji atahesabu safari, na utafiti wote umegeuka. Andika "papo hapo". Na kama hati ya utafiti inataja muda, andika muda wenyewe.

Sehemu ya pili ilikuwa kama yenu, 20 dhidi ya 30, kwa watoto 3,196, na inatuonya kuhusu neno "homa". Kwa ujumla vifo vya siku 28 havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini watoto ambao joto lao halikuzidi digrii 37.5 walinusurika zaidi kwa mililita 30, na wale ambao lilizidi walikufa zaidi kwa hizo hizo 30. Yaani jibu lote limesimama juu ya kipimajoto. Kwetu "homa" ni joto la mwili, ni malaria, ni mafua yenye maumivu ya viungo. Ukimuuliza mama kama mtoto ana homa, atajibu kuhusu ugonjwa. Ukimuuliza kama ana mwili moto, atajibu kuhusu joto. Kwenye karatasi andika "joto la mwili linalozidi digrii 37.5" na neno "homa" lisionekane.

Sasa majina ya damu zenyewe. "Damu nzima", yaani damu kama ilivyotoka kwa mtoaji, ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kifaransa, na imeingia hata vitabuni. Lakini "mzima" kwa Kiswahili ni mtu asiye mgonjwa. Mwambie mzazi kwamba watoto wengine watapata damu nzima na wengine chembe nyekundu, naye atauliza, kwa haki yake, kwa nini wa kwake asipewe ile nzima. "Damu kamili" haiponyi kitu, maana inaifanya nyingine iwe pungufu. Ninapendekeza "damu isiyotenganishwa" na "chembe nyekundu zilizotenganishwa". Ni ndefu, ndiyo, ila haziegemei upande.

Hapo hapo eleza hesabu, la sivyo maneno mazuri hayatasaidia. Chembe nyekundu zilizotenganishwa zina nguvu karibu maradufu, kwa hiyo mililita 20 za damu isiyotenganishwa zinalingana na 10 za chembe, na 30 zinalingana na 15. Mtoto wa kilo 12 katika kiwango cha chini atapata mililita 240 za damu isiyotenganishwa, au 120 za chembe. Mama wa kitanda cha pili anaziona poshi (mifuko ya damu) zote mbili. Asipoambiwa mapema, atahisi mwanawe amepunjwa. Tumia mililita, na kama lazima utaje chombo, sema "poshi", neno ambalo Lubumbashi inalijua. "Chupa" ni ya zamani za chupa za kioo, na kila mtu ana chupa yake kichwani. Poshi ya kawaida huchukuliwa mililita 450 kwa mtoaji mmoja, hivyo kwa mtoto huyo karibu nusu itabaki. Iandike: "Damu inayobaki kwenye poshi haitiwi mtoto mwingine, inatupwa." Ukinyamaza hapo, uvumi wa kuuzwa damu utaijaza nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo "bidhaa za damu" sitaki kuliona. Sema "sehemu za damu".

Plazima iite plazima. Kamusi zina "utegili", neno zuri ambalo sijui mzazi gani ataliulizia. Lieleze mara ya kwanza: "plazima, yaani majimaji ya njano yanayobaki chembe za damu zikiondolewa." Usiandike "maji ya damu": mtoto mwenye anemia husemwa damu yake imekuwa maji, na mzazi hataelewa kwa nini mnamtia maji zaidi. Utenganisho huu una uzito hata katika historia ya Ebola. Kikwit, humu humu Kongo, mwaka 1995 wagonjwa 8 walitiwa damu isiyotenganishwa ya waliopona, wakapona 7, bila kundi la kuwalinganisha nalo. Conakry, nchini Guinea, mwaka 2015 wagonjwa walitiwa plazima ya waliopona, poshi mbili za mililita 200 hadi 250 kutoka kwa watoaji wawili tofauti, na katika wagonjwa 84 waliochambuliwa haikuonekana kuokoa maisha kwa kiasi cha maana. Ukiziita zote "damu ya waliopona" umezifanya kuwa tiba moja yenye majibu yanayopingana.

Plakete acha "plakete", kama zinavyosemwa wodini. "Chembe sahani" inachora sahani za jikoni, na "chembe za kugandisha damu" inatisha. Eleza tu kwamba zinasaidia damu isiendelee kutoka.

Kuna neno moja la Lubumbashi ambalo mwenzako wa Tanzania hatalihisi. Kwake "kutosha" ni kukidhi. Kwenu "kutosha" ni kutoa, kuondoa. Akiandika "damu itakayotosha uzito wa mtoto", mama wa Katuba au Kenya, naam, Kenya ya Lubumbashi, anaweza kusikia kwamba mtoto atatolewa damu. Andika "kiasi kinacholingana na uzito". Na pale mnapotoa damu ya kipimo kweli, litumie neno lao bila aibu: "Tutamutosha mutoto damu kidogo, mililita 2, haifiki nusu ya kijiko cha chai." Mtoto amelazwa kwa kukosa damu, nanyi mnataka nyingine, hilo ndilo swali la kwanza la kila mzazi, na linajibiwa kwa kijiko.

Kuhusu jinsi watoto wanavyogawanywa, msiandike "bahati nasibu". Watu husikia zawadi. "Kupiga kura" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kura hupigwa na mtu mwenye chaguo lake. Eleza tendo lenyewe: "Kiwango atakachopata mtoto wako kimo katika bahasha iliyofungwa. Daktari hakichagui, muuguzi hakichagui, nawe hukichagui. Hatujui bado kiwango kipi ni bora kwa watoto wa hapa. Ndiyo maana tunafanya utafiti." Kama mnatumia kompyuta badala ya bahasha, badilisha neno hilo moja.

Baada ya hapo mtaombwa tafsiri irudishwe Kifaransa na mtu mwingine ili ilinganishwe na ya kwanza. Fanyeni, lakini msiitegemee. Anayerudisha huwa ni mtu wa hospitali. Akiona "damu nzima" atairudisha sahihi kabisa kwa sababu anajua Kifaransa chake, na kosa litapita likiwa limevaa suti. Msomeeni kwa sauti mama asiyefanya kazi ya afya, fungu moja moja, kisha mwombe aeleze kwa maneno yake: mtoto atatiwa nini, kiasi gani, nani ameamua, na akikataa mtoto atapata nini. Akisita penye swali la mwisho, rekebisheni karatasi. Hapo lazima isomeke wazi kwamba mtoto wa mzazi aliyekataa atatiwa damu kama wodi ilivyozoea, na hatasogezwa nyuma ya foleni.