Modeli ya treni ya mlimani: anza na meno, bodi baadaye

Modeli yangu ya kwanza ya kichwa cha treni cha Schynige Platte ilipendeza sana ikiwa mezani. Milango ilinyooka, paa lilikaa sawasawa, hata vitasa nilivichonga. Nilipoiweka kwenye mlima wa mbao haikupanda hata sentimita kumi. Jioni zangu za miezi minne zilikuwa zimeishia kwenye bodi, na gia nilizitengenezea wiki mbili za mwisho. Ukitaka kuunda treni ya namna hii, anzia chini.

Ijue kwanza treni yenyewe. Iko Uswisi, inaondoka Wilderswil, mita 584 juu ya usawa wa bahari, na kuishia Schynige Platte, mita 1967. Njia ilifunguliwa mwaka 1893 kwa injini za mvuke, umeme ukaja 1914. Vichwa vya umeme vya aina ya He 2/2, vya zama zile zile, vinapandisha abiria hadi leo. Mwinuko mkali kabisa ni asilimia 25: kila mita 4 za kwenda mbele, unapanda mita 1. Gurudumu laini la chuma juu ya reli laini lingeteleza tu hapo. Kwa hiyo katikati ya reli mbili imelazwa ngazi ya chuma, wazo la mhandisi Niklaus Riggenbach, na gurudumu la meno lililo chini ya kichwa linakanyaga vipago vyake kimoja baada ya kingine. Magurudumu ya pembeni kazi yake ni kubeba uzito.

Mimi nilifunga mota kwenye magurudumu ya pembeni na kwenye meno pia, nikidhani nguvu itaongezeka. Vipimo vyake havilingani, moja likataka kukimbia kuliko jingine, gia zikabana. Yaache ya pembeni yazunguke huru.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuligundua. Meno yalishuka kupita kiasi, kama unene wa kadi tu, yakaikanyaga ngazi na kukiinua kichwa kidogo. Modeli yangu inapokea umeme kutoka relini kupitia magurudumu, kwa hiyo yakiinuka mota inazimika, nawe utahangaika na nyaya ambazo hazina tatizo lolote. Siku hizi natandika karatasi juu ya ngazi, nakishusha kichwa mpaka meno yaiguse, ndipo nakaza skrubu. Nikiivuta karatasi inabaki nafasi ya kutosha. Na pale tambarare inapogeuka mlima, ikunje reli polepole. Mimi natumia sentimita 40 kwa mgeuko huo. Ukiikunja ghafla, jino linaruka nje ya ngazi.

Kuhusu kipimo, nakushauri 1:87. Reli halisi ina upana wa milimita 800, nyembamba kuliko hata ile reli yetu ya zamani ya mita moja Tanzania. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 9.2, na reli za modeli za milimita 9 zinapatikana kwa urahisi. Tofauti hiyo jicho haliioni.

Kwenye mota usibane pesa. Chagua inayozunguka taratibu, na uiunganishe na gia ya parafujo. Gia hiyo inazungushwa na mota, lakini uzito wa treni hauwezi kuizungusha kinyumenyume, kwa hiyo ukikata umeme katikati ya mlima treni inabaki palepale. Treni halisi hutumia karibu dakika 50 kwa kilomita 7.3, kwa hiyo kwa kipimo chetu mita moja ya reli ichukue zaidi ya nusu dakika. Ikikimbia, uzuri wote umepotea.

Kichwa kikae upande wa chini wa mlima, behewa upande wa juu. Huko mlimani kichwa husukuma wakati wa kupanda na kuzuia wakati wa kushuka, ili behewa lisije likaponyoka na kuteremka peke yake. Nimeona modeli nzuri sana zilizopangwa kinyume, na huwa nasikitika.

Rangi ni nyekundu na krimu, lakini usiamini picha za kwenye simu. Ukiweza, nenda Wilderswil na kadi za rangi mkononi uzilinganishe na bodi yenyewe. Nenda majira ya joto, maana wakati wa theluji treni hizi hazipandi.