Nywele za asili kwenye baridi ya Mbeya
Mdogo wangu, umesema nywele zako zinakatika kisogoni na pembeni tangu uhamie Mbeya, na unawaza kurudia dawa ya kunyoosha nywele. Subiri kwanza. Umetaja kofia ya sufu unayoshinda nayo kutwa, na mimi naanzia hapohapo. Sufu inasugua nywele na kunyonya unyevu wake, tena kati ya Juni na Agosti hewa ya huku ni kavu mno. Usiiache kofia, baridi hii haina mzaha! Ishonee satini kwa ndani. Nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye mitumba, tafuta blauzi ya satini, umpe fundi aikate. Inayobaki jifungie kichwani usiku.

Halafu mafuta. Unapaka kwenye nywele kavu, ndiyo maana zinabaki ngumu. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasipotee haraka. Lowanisha kidogo kwanza, kisha pakaa. Ya parachichi ni mazuri, na parachichi za Rungwe na Njombe tunazo jirani. Chana zikiwa na unyevu, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani.

Kusuka uzi kunafaa sana: kunanyoosha bila moto na ncha zinakaa zimefichwa. Msusi asikaze tu, hasa pembeni ambako nywele tayari zinakatika.

Na kuhusu mavazi, sweta lako kubwa na raba, vaa tu. Kilemba cha kitenge kichwani kinapendeza navyo kabisa, ila kitangulie kitambaa cha satini.